Si Kila Kinachotoka Mwilini Huitwa Uchafu: Ute, Maji na Damu katika Maisha ya Mwanamke



Ndugu waamini, mada tunayoileta leo haizungumzwi mara nyingi kanisani, na yawezekana wengine wakashangaa kuiona imeandikwa na padre. Tunaileta kwa sababu tumeikuta mara nyingi mno pale padre anapoitwa mambo yakiwa yamekwisha kuharibika: kando ya kitanda cha mgonjwa, katika ugomvi wa wanandoa, na makaburini.

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kumzika mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Aliishi saa chache tu, na mkunga alikuwa amewahi kumbatiza. Mama yake alitokwa na majimaji kwa siku tatu akiwa na ujauzito wa miezi saba. Maji yale hayakuwa na rangi wala harufu mbaya, wala hayakumletea maumivu. Kwa hiyo alijifunga kanga ya pili na kuendelea na kazi za shamba. Aliona haya kumwambia mumewe. Baada ya maziko alituuliza swali moja: ni dhambi gani aliyoitenda hata Mungu akamwadhibu hivyo?

Hakuwa ametenda dhambi. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka kabla ya wakati, naye hakuwahi kufundishwa kuitambua dalili hiyo. Makala haya tunayaandika kwa ajili ya akina mama kama yeye, kwa ajili ya mabinti wanaokua, na zaidi kwa ajili ya akina baba. Mambo ya kitabibu tutakayoyataja ni yale yanayofundishwa kliniki. Lengo letu si kuchukua nafasi ya daktari au mkunga, bali kumsaidia mwamini ajue ni lini awaendee.

Neno "uchafu" na mzigo wake

Mwanamke akifika zahanati, aghalabu husema: "Natokwa na uchafu." Ndivyo lugha yetu ilivyozoea. Lakini neno hilo moja limebebeshwa mambo matatu yaliyo mbalimbali: ute wa afya ambao Muumba mwenyewe ameuweka, majimaji yanayoletwa na ugonjwa, na dalili za hatari zinazohitaji hospitali siku hiyohiyo.

Kutokana na mchanganyiko huo huzaliwa makosa mawili. Mwanamke mwenye afya hujiona mchafu, akaanza kujisafisha ndani kwa sabuni, ndimu au shabu mpaka ajiletee ugonjwa ambao hakuwa nao. Mwanamke mgonjwa naye hudhani kuwa hayo ndiyo maumbile ya wanawake wote, akanyamaza mpaka ugonjwa ukomae. Wote wawili wangepona kwa elimu ndogo tu.

Ute wa afya nje ya ujauzito

Tangu binti anapokaribia kuvunja ungo hadi mwanamke anapofikia ukomo wa hedhi, uke na mlango wa kizazi hutoa ute. Ute huo husafisha njia ya uzazi na kuilinda. Ndani ya uke wanaishi bakteria wema wanaotengeneza uchachu, na uchachu huo huwazuia wadudu waletao maradhi wasistawi. Hii ndiyo sababu uke hauhitaji kuoshwa ndani. Maji safi kwa nje yanatosha. Anayeingiza sabuni au dawa ndani huwaua walinzi wa nyumba, kisha hushangaa wezi wanapoingia.

Ute wa afya huwa mweupe au hauna rangi, hauwashi, wala hauna harufu kali. Tena haubaki namna moja mwezi mzima. Baada ya hedhi wanawake wengi huwa na siku za ukavu. Kisha ute huanza kuonekana, ukiwa mzito. Na yai linapokaribia kupevuka huwa mwepesi, unaoteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi. Baada ya yai kutoka, huwa mzito tena au hukauka, mpaka hedhi nyingine.

Mabadiliko hayo ndiyo msingi wa njia ya asili ya kupanga uzazi inayofundishwa katika semina zetu za ndoa. Mwaka 1953 Daktari John Billings wa Melbourne, Australia, aliombwa na padre mmoja aliyekuwa akiwahudumia wanandoa atafute njia iliyo salama na yenye kuheshimu mafundisho ya Kanisa. Alianza kuwasikiliza wanawake wenyewe wakieleza walichokiona siku hadi siku. Baadaye mkewe, Daktari Evelyn Billings, akaungana naye. Walitambua kwamba ute ule wa kuteleza ndio unaotangaza siku za rutuba. Mbegu ya mwanamume huweza kuishi ndani ya ute huo hadi siku tano, ilhali yai lenyewe huishi kwa muda usiozidi siku moja hivi.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya familia wa mwaka 1981, *Familiaris Consortio*, alifundisha kwamba kuupokea mzunguko wa mwanamke ni kumpokea mwanamke mwenyewe, pamoja na mazungumzo, heshima na kujitawala. Mume anayejua mwenendo wa mwili wa mkewe hutambua upesi linapotokea jambo lisilo la kawaida.

Ute unapokuwa dalili ya ugonjwa

Yapo mabadiliko ambayo mwanamke hapaswi kuyanyamazia. Ute mweupe mzito kama maziwa mgando, unaoambatana na muwasho mkali, mara nyingi hutokana na fangasi. Fangasi hao hupenda kujitokeza wakati wa ujauzito, baada ya kutumia dawa za kuua bakteria, au kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Majimaji mepesi ya rangi ya kijivu yenye shombo kama la samaki huashiria kwamba wale bakteria wema wamepungua na wengine wamechukua nafasi yao. Hali hizi mbili zinaweza kumpata mwanamke mwaminifu katika ndoa yake, na hata mtawa aliyeweka nadhiri. Si ushahidi wa uzinzi.

Ute wa manjano au kijani wenye povu na harufu mbaya huweza kutokana na trikomona, ambayo huambukizwa kwa tendo la ndoa. Kisonono na klamidia nazo huambukizwa hivyohivyo, na mara nyingi hazimwoneshi mwanamke dalili yoyote mpaka zimekwisha kudhuru mirija ya uzazi na kumletea ugumba. Katika maradhi haya mume na mke hutibiwa wote wawili kwa pamoja. Akitibiwa mmoja, mwingine atamrudishia.

Hapa tuwasihi wanandoa jambo moja. Tumeona ndoa zikitikiswa kwa sababu ya karatasi ya maabara iliyosomwa kwa hasira. Trikomona huweza kukaa mwilini muda mrefu bila dalili, na kuonekana kwake leo hakusemi ni lini iliingia wala nani aliileta. Anzeni na matibabu. Kama kuna ukweli wa kuungamwa, ukweli huo una mahali pake na wakati wake. Lakini mume asiyekubali kupimwa huku akimshtaki mkewe amejifanya hakimu katika kesi ambayo huenda naye ni mshtakiwa.

Damu isiyo ya hedhi inahitaji uangalifu wa pekee. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, damu inayomrudia mama ambaye hedhi yake imekoma kwa mwaka mzima au zaidi, na majimaji yenye harufu mbaya yasiyokoma, huweza kuwa dalili za saratani ya mlango wa kizazi. Nchini Tanzania saratani hiyo ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake. Husababishwa na virusi, na huchukua miaka mingi kukua, ndiyo maana huweza kuzuiwa. Uchunguzi wa kutumia siki huchukua dakika chache na hufanyika katika vituo vingi vya afya. Chanjo dhidi ya virusi hivyo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na sasa huwalenga wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mama mkubwa asidhani kwamba damu iliyorudi ni "ujana umemrudia". Aende akapimwe wiki hiyohiyo.

Wakati wa ujauzito

Mwanamke anaposhika mimba, ute huongezeka. Damu nyingi zaidi hupita katika viungo vya uzazi, na tezi za mlango wa kizazi hufanya kazi zaidi. Ute mweupe, mwepesi, usiowasha wala kunuka ni hali ya kawaida katika miezi yote tisa. Nguo ya ndani ya pamba, maji safi kwa nje na utulivu wa moyo vinatosha.

Wiki za mwisho zikikaribia, mama huweza kuona ute mzito wa kuvutika, pengine wenye mchirizi wa damu. Ute huo ulikuwa umeziba mlango wa kizazi kumlinda mtoto, na kutoka kwake ni ishara kwamba uchungu u karibu, ingawa huenda zikapita saa au siku kadhaa. Ukitoka kabla ya wiki ya 37, mama aende hospitali bila kusubiri uchungu.

Yapo mambo manne ambayo mjamzito asiyasubirishe hata usiku mmoja.

La kwanza ni maji. Mkojo huwa na harufu yake, na mtu huweza kuubana. Maji ya uzazi hutiririka au kuvuja kidogokidogo na hayazuiliki. Mama akiwa na shaka avae pedi au kitambaa safi, kisha aende kituoni akiwa nacho. Chupa ikipasuka, mlango uliokuwa ukimkinga mtoto umefunguka, na maambukizi huweza kuingia. Kama ni kabla ya wakati, hospitalini huweza kutolewa dawa za kuzuia maambukizi na sindano za kusaidia mapafu ya mtoto kukomaa. Siku tatu za kusubiri nyumbani humnyima mtoto msaada huo. Na maji yakiwa ya kijani au kahawia, mtoto amekwisha kujisaidia ndani, jambo linaloweza kuwa ishara ya kwamba yuko taabuni.

La pili ni damu, iwe nyingi au kidogo. Katika miezi ya mwanzo huweza kuashiria mimba kuharibika, au mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, ambayo huambatana na maumivu ya tumbo na kizunguzungu na huweza kumwua mama kwa saa chache. Katika miezi ya mwisho, damu nyekundu isiyo na maumivu huweza kutokana na kondo la nyuma lililokaa chini na kuziba njia. Damu yenye maumivu, tumbo likiwa gumu, huweza kutokana na kondo lililobanduka. Wakati huo mtu yeyote nyumbani asimpime mama kwa vidole, wala asimwekee dawa yoyote ukeni. Atafutwe usafiri.

La tatu ni ute wenye harufu mbaya pamoja na homa au maumivu ya tumbo la chini.

La nne ni ute wa kijani au manjano, au vidonda sehemu za siri. Kisonono cha mama huweza kumpofusha mtoto anapozaliwa, na kaswende isiyotibiwa huweza kumwua tumboni. Kipimo cha kaswende hufanyika kliniki na tiba yake ni sindano ya penisilini. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 limependekeza mjamzito ahudhurie kliniki angalau mara nane, akianza katika miezi mitatu ya kwanza, ili mambo kama haya yaonekane mapema.

Baada ya kujifungua

Damu ya uzazi hutoka kwa wiki nne hadi sita. Siku za mwanzo ni nyekundu, kisha huelekea kahawia, na mwishoni huwa ya njano au nyeupe. Mabadiliko hayo ni ya kawaida. Lakini damu inayolowanisha pedi nzima kwa muda wa saa moja au chini yake, mabonge makubwa, au kizunguzungu, ni hatari. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiyo sababu kubwa ya vifo vya wazazi duniani. Harufu mbaya pamoja na homa huonesha maambukizi katika mfuko wa uzazi. Mila ya kumtunza mzazi ndani kwa siku arobaini ni njema kwa kuwa humpa pumziko, ila isigeuzwe sababu ya kumchelewesha hospitali.

Tusiwasahau pia akina mama wanaovuja mkojo au haja kubwa bila kuzuilika baada ya uchungu uliodumu muda mrefu. Hiyo ni fistula, nayo inatibika kwa upasuaji. Hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza zimewahudumia wengi. Wanawake hao huachwa na waume zao na kukwepwa hata kwenye viti vya kanisa. Jumuiya inayomjua mmoja wao na ikanyamaza itatoa hesabu ya ukimya wake.

Je, hali hii humtenga mwanamke na Kanisa?

Baadhi ya akina mama huacha kukomunika wakiwa katika hedhi, au hukaa nje ya kanisa baada ya kujifungua, wakiamini kwamba Mungu hawataki karibu katika siku hizo. Wengine hutaja kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 12 na ya 15, kinachomhesabu mwanamke wa namna hiyo kuwa najisi.

Najisi hiyo ilikuwa ya kiibada, wala haikuwa dhambi. Kwa Waisraeli damu ilikuwa uhai, na uhai ni mali ya Mungu. Aliyeguswa na mambo ya uhai na mauti alisubiri kwanza kabla ya kukaribia patakatifu. Ushahidi ulio wazi ni Mama Bikira Maria. Tunasoma katika Injili ya Luka, sura ya 2, kwamba alikwenda Hekaluni siku zake za utakaso zilipotimia, na familia ikatoa sadaka ya maskini. Yeye aliyekingiwa dhambi ya asili alitimiza sheria hiyo. Basi ni nani atakayesema kwamba siku zile arobaini zilikuwa adhabu ya dhambi?

Tena tunamjua yule mwanamke wa Injili ya Marko, sura ya 5, aliyetokwa na damu kwa miaka kumi na miwili. Alikuwa amewaendea waganga wengi na kumaliza mali yake yote, wala hakupona. Alijipenyeza katikati ya umati akaligusa vazi la Bwana kwa siri, kwa sababu alizoea kujificha. Yesu hakumwacha aondoke na uponyaji wa siri. Alimtafuta, akamwacha aseme kweli yote mbele ya watu, kisha akamwita binti yake. Alimponya ugonjwa, na pia akamwondolea haya.

Kanisa limelielewa hivyo tangu kale. Mtakatifu Bede, katika historia yake ya Kanisa la Uingereza, ameweka majibu ya Papa Mtakatifu Gregori Mkuu kwa mmisionari Augustino wa Canterbury, mnamo mwaka 601. Augustino aliuliza kuhusu mwanamke aliye katika hedhi na yule aliyetoka kujifungua. Alijibiwa kwamba mzazi hatendi kosa akiingia kanisani hata saa ileile ya kujifungua, na kwamba aliye katika siku zake asizuiwe kanisa wala Komunyo Takatifu. Na mfano uliotolewa ni mwanamke huyohuyo wa Injili. Nayo Sheria ya Kanisa ya sasa, katika kanuni ya 843, inawaagiza wahudumu wasiwanyime sakramenti wanaoziomba ipasavyo, walio tayari, na wasiozuiwa na sheria. Hedhi, ute wala damu ya uzazi havimo katika vizuizi.

Wajibu wa kila mmoja

Akina baba, mwulizeni mke hali yake, na msisubiri aanze yeye. Ifahamuni tarehe ya kliniki, wekeni akiba ya nauli tangu mimba inapojulikana, na mjue ni nani mwenye chombo cha usafiri usiku wa manane. Akina mama wakwe, nyumba nyingi zinawasikiliza ninyi kwanza. Neno lenu "twende hospitali" laweza kuokoa watu wawili kwa mara moja. Viongozi wa WAWATA na wa Jumuiya Ndogondogo, mwalikeni mkunga au mwuguzi mwamini azungumze na akina mama na mabinti, nanyi mtengeneze mfuko mdogo wa dharura kwa wajawazito. Mapadre wenzetu tunawaomba tuyataje mambo haya kwa staha katika mafundisho ya ndoa, pasipo kuona haya kwa kile ambacho Mungu hakuona haya kukiumba.

Kwa wazazi waliompoteza mtoto kabla ya kubatizwa, mjue kwamba Kanisa halijamsahau. Kanuni ya 1183 inaruhusu, kwa idhini ya Askofu, mazishi ya kanisa kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza. Njooni mtuone.

Mama yule tuliyemtaja mwanzoni alijaliwa ujauzito mwingine. Safari hii alipoona unyevu asiouelewa alimwamsha mumewe usiku uleule, wakaenda kituoni kwa pikipiki. Ilionekana kuwa ni ute wa kawaida, wakarudishwa nyumbani asubuhi. Alitueleza habari hiyo kwa kicheko, akiona aibu kidogo kwa kuwasumbua watu bure. Tulimwambia, nasi tunamwambia kila mama anayesoma hapa, kwamba safari ile haikuwa ya bure.

Mama Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee. Mungu awabariki nyote.